Jana ulikula nini? Namna ya kuandika ulichohisi ukisoma manga ya wanaume wawili wanaopendana

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi. Kibanda changu kipo Mbuyuni, ukishapita wauza mitumba. Chini ya cherehani naweka daftari kubwa, kaunta buku ya kwaya mbili, nililolivisha kipande cha kitambaa cha sare kilichobaki Januari. Humo tunaandika watu wanne, kwa mkono, kwa Kiswahili, kila mmoja alichohisi aliposoma kitabu kimoja cha manga, yaani katuni za Japani. Wateja wakiliona huuliza tunafanyaje. Huwa naeleza huku nakata kitambaa, na maelezo nayo yanakatika. Sasa nimekaa nimeandika yote, kwa yeyote anayetaka kuanzisha daftari lake, awe peke yake au na wenzake.

Kitabu chenyewe kinaitwa Kinō Nani Tabeta?, yaani "Jana ulikula nini?" Kimechorwa na mwanamke, Fumi Yoshinaga, na kilianza kutoka sura kwa sura mwaka 2007 katika jarida la kila wiki liitwalo Morning. Mwaka 2019 kikafanywa tamthilia ya televisheni kulekule Japani. Wahusika wakuu ni wawili, wanaishi nyumba moja Tokyo. Shiro ni mwanasheria wa miaka 43 hadithi inapoanza. Kenji ana miaka 41, anatengeneza nywele saluni. Ni wapenzi. Shiro hapendi kukaa ofisini muda wa kazi ukiisha. Anatoka, anapita supamaketi kulinganisha bei, anarudi nyumbani kuvaa aproni. Amejiwekea yen 25,000 kwa mwezi za chakula cha watu wawili, na hela hiyo anailinda kwelikweli. Karibu kila sura inakufikisha mezani, na njiani umeshafundishwa kupika kitu kwa vipimo. Picha za chumbani hakuna. Mapenzi yao unayaona kwenye bakuli.

Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyeniletea juzuu mbili za mwanzo, kwa Kiingereza. Aliniambia, "Shangazi, kuna mapishi humu." Hakuongeza neno. Nilipofika mahali pa kuelewa kwamba hawa si ndugu wala si wapangaji waliochangia kodi, nilifunga kitabu. Nikashona mifuko miwili ya suruali, kisha nikakifungua tena. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo la kwanza la kuingiza kwenye daftari lako: ulifunga ukurasa upi, na nini kilikurudisha. Mimi nilirudishwa na wali. Nilikuwa nimemwacha Shiro jikoni ameuinjika, nikataka kuona umeivaje.

Soma mara mbili kabla ya kalamu

Manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kitabu kinafunguliwa upande ambao sisi tungeuita wa nyuma, na visanduku vya picha vinafuatana kuanzia pembe ya juu ya kulia. Mwenzetu mwenye saluni alisoma kurasa kumi nzima kinyumenyume, akashangaa hawa watu mbona wanajibu kabla ya kuulizwa. Mwalimu wetu mstaafu, aliyesoma madrasa utotoni, alizoea palepale.

Kubwa zaidi ni mwendo. Sisi tuliokulia kwenye jarida la Sani na katuni za Kingo za James Gayo tumezoea katuni ya kuchekesha, ambayo kisanduku cha mwisho ndicho kinachopiga. Ukija na mazoea hayo utasubiri kichekesho kisichokuja. Katika manga ya upole kama hii, uzito umekaa katikati ya ukurasa, mahali ambapo mtu anakata kitunguu, mwenzake anavua viatu mlangoni, na hakuna aliyesema lolote. Kwa hiyo mara ya kwanza soma kama unavyosoma chochote. Mara ya pili soma jioni, ukiwa na njaa kidogo, na usifungue kurasa kwa kasi ya macho. Fungua kwa kasi ya mtu anayepika. Kalamu bado iache.

Weka kidole kwenye kisanduku kimoja

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu anataka kusema juu ya kitabu kizima, ndipo yanapokuja yale maneno: imenigusa, inasikitisha, nzuri sana. Hayana ubaya wowote, lakini ukiyasoma baada ya mwezi hayakukumbushi kitu. Chagua kisanduku kimoja tu. Weka kidole juu yake. Andika kilichomo humo kabla hujaandika kilichomo moyoni mwako: mkono wa nani umeshika nini, macho yanatazama wapi, nani amempa mwenzake mgongo.

Mwenye saluni alichagua mahali pagumu. Mwanzoni kabisa mwa hadithi, Kenji amemsimulia mteja wake wa saluni habari za mtu anayeishi naye. Shiro, ambaye kazini kwake hajamwambia yeyote, anagundua kwamba anajulikana, na anakasirika sana. Kenji anamuuliza kwa nini wenzake wa saluni wawe huru kuongea habari za wake na watoto wao, halafu yeye peke yake asiweze kumtaja mtu wake.

Maandishi ya kwanza ya jirani yangu huyo wa saluni yalikuwa mstari mmoja: "Nimemwonea huruma Kenji." Nikamwambia, mama, wewe unashika vichwa vya watu tangu saa mbili asubuhi, hiyo huruma imekushika sehemu gani ya mwili? Alichukua daftari akaondoka nalo. Lilirudi Alhamisi likinukia mafuta ya nywele, likiwa na haya:

"Rasta za kichwa kizima zinanichukua saa sita. Saa sita mikono inafanya kazi na mdomo unafanya kazi. Mteja ananipa ya mume wake nami nampa ya wangu, alivyokataa uji, alivyoletewa redio mbovu akasema ni nzima. Bila maongezi hayo ningechoka saa ya pili. Kenji naye ana mkasi mkononi na kichwa cha mtu kiko mbele yake. Nikifikiria nifanye kazi hii miaka ishirini nisimtaje baba watoto hata mara moja, vidole vinakufa ganzi."

Tazama alivyofanya. Amesema huruma yake bila kuitaja. Ameweka saa sita, ameweka redio, ameweka vidole. Na hajasema "sisi sote tuko sawa", sentensi ambayo mtu huiandika akichoka kufikiri. Amesema tu kazi ya yule na kazi yake zina mdomo.

Mwalimu alisoma ukurasa huo akatikisa kichwa. Yeye alikuwa upande wa Shiro. Ndiyo maana nashauri uandike ukurasa wa kushoto tu, wa kulia ukae wazi kwa mwenzako. Ukurasa wa kulia Mwalimu aliandika kwamba alipopoteza ujauzito wake wa pili, hakuwaambia walimu wenzake kwa miezi miwili. Hakuwa na aibu. Alitaka pawepo mahali pamoja duniani ambapo yeye ni Mwalimu tu, anashika chaki, anauliza saba mara nane. "Shiro ofisini anataka kuwa mwanasheria tu," aliandika. "Kumnyima hilo ni kumnyima kiti cha kukalia."

Kurasa hizo mbili zinatazamana mpaka leo, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Ukiwa na kikundi, usitafute kuzipatanisha.

Swali la nani mume

Litakuja kabla ya yote: humo ndani, nani mume na nani mke? Limeulizwa na kila aliyeshika kitabu hiki kibandani kwangu, na mimi mwenyewe nililiuliza. Usilifute. Liandike juu ya ukurasa, kisha jaribu kulijibu kwa kutazama picha. Shiro ndiye mwenye suti na mkoba, na ndiye anayepika na kukumbuka bei ya kila kitu. Kenji ndiye anayelia upesi, na ndiye mwenye ujasiri wa kusema mbele za watu. Jaribu kugawa hapo. Mwenye saluni alijaribu kwa mistari miwili iliyosimama, akagonga mwamba mstari wa tatu.

Nimelifikiria sana swali hili nikiwa nashona, na naamini nusu yake linatoka kwenye vitenzi vyetu. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Kitenzi chenyewe kimeshagawa kazi kabla hujafungua mlango. Lakini Kiswahili hichohicho kimetupa mnyambuliko wa kutendana. Kupendana, kuzoeana, kungojana, kuvumiliana, kukosana na kupatana. Ukiandika juu ya hawa wawili, tafuta vitenzi vya namna hiyo. Shiro na Kenji wamezoeana. Jioni wanangojana. Hapo hakuna aliye juu ya mwenzake, na ndivyo picha zilivyochorwa: wanakaa mezani wakiangaliana, sahani za huyu sawa na za huyu.

Zawadi ya pili ya lugha yetu ni ile herufi a. "Anampenda." Nani? Mwanamume? Mwanamke? Sentensi haisemi. Siku moja kwenye daladala ya Kiboriloni mama mmoja wa makamo aliniona na kitabu akaniomba nimsimulie. Nilimpa mkasa wa juzuu za mbele, Shiro anapompeleka Kenji safari ya Kyoto na kumfanyia mazuri mfululizo, mpaka Kenji anaanza kuogopa kwamba mwenzake anaumwa ugonjwa mbaya na anamuaga. Nilisema "mpenzi wake", "mwenzake", "akamwambia", kama ninavyosema siku zote. Mama yule alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Akasema mumewe akimletea kitenge bila sababu, naye huuliza kama amefukuzwa kazi. Akashuka. Sikumficha kitu, lugha yetu haikuuliza. Lakini tangu siku hiyo nawaambia wenzangu: simulia kwanza kwa mdomo, kwa mtu ambaye hajasoma, halafu andika. Utajua sehemu ipi ya hadithi ina nguvu yake yenyewe.

Jambo dogo hapohapo, la majina. Kwa Kijapani Kenji humwita mwenzake Shiro-san, yaani Shiro na kijalizo cha heshima, na Shiro humwita Kenji, basi. Huku kwetu mtu na mkewe huitana kwa jina la mtoto, Baba Fulani, Mama Fulani. Hawa hawana mtoto wa kuwapa jina. Mwalimu ndiye aliyegundua hilo, akaandika kwamba ile "san" imechukua nafasi ya mtoto. Sijui wengine wangesomaje, mimi naona amesoma vizuri.

Andika sauti

Katika manga, sauti zimechorwa. Zimekaa pembeni mwa picha kwa herufi kubwa au zilizopinda. Mtoto wa kaka yangu anajifunza Kijapani kwenye simu, akatutafsiria chache. Moyo ukidunda wao huandika doki doki. Kisu kikigonga ubao ni ton ton. Kimya kinaandikwa shiin, kwa maana kimya nacho kina sauti. Na chungu kinachochemka taratibu ni kotokoto. Nilipolisikia hilo la mwisho nilisimamisha cherehani, maana bibi yangu kule Uru angesema mtori unatokota.

Kiswahili kimejaa tanakali za sauti, na watu wakishika kalamu huziacha mlangoni kama viatu. Ziingize ndani. Nyumba ikawa kimya zii. Akakaa tuli. Mafuta yakalia chwaa. Sura inayoishia na mmoja kurudi amechoka na mwenzake kumwekea supu, usiandike "palikuwa na hali ya utulivu." Andika kijiko kililia nini kwenye bakuli. Moja inatosha kwa ukurasa, ukiweka tano unaharibu.

Tarehe, mlo na bei ya nyanya

Kila anayeandika kwetu anaanza na tarehe na chakula alichokula siku hiyo, na anamaliza na bei ya nyanya za Mbuyuni. Hili tumejifunza kwa Shiro. Kuna mahali anaona tikiti maji la bei nzuri, kubwa kuliko linavyoweza kuliwa na watu wawili, akakubaliana na mama mmoja asiyemjua walinunue wagawane, na urafiki wa kugawana vyakula ukaanzia hapo. Nilipoisoma nilikumbuka jinsi mimi na mwenye saluni tulivyojuana, ni kwa kugawana debe la nyanya wakati wa masika, bei ikiwa juu na barabara za vijijini hazipitiki.

Bei inalifunga daftari kwenye ardhi. Ukirudi kusoma kurasa za Aprili na fungu lilikuwa shilingi 2,000, unakumbuka mvua, unakumbuka mlima ulikuwa umejificha wiki nzima, unakumbuka ulikuwa nani uliposoma sura ile. Usipopenda nyanya weka nauli, au mkaa.

Na mlo? Mume wangu ni dereva wa lori la masafa. Kila jioni akiegesha ananipigia, na swali lake la kwanza ni hilohilo la kitabu, umekula nini. Miaka kumi na tisa nimemjibu "chakula." Nilikuwa naona ni salamu tu, kama habari za huko. Wiki niliyomaliza juzuu ya kwanza nilimjibu: ndizi za mshare na utumbo, nimeweka ndimu, zimebaki kidogo nitapasha asubuhi. Akanyamaza upande wa pili. Halafu akaniuliza ndimu ngapi. Huo ndio ukurasa wangu wa kwanza kwenye daftari, na sikuandika chochote kuhusu Shiro na Kenji ndani yake, wala hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Mtu akikuuliza unatafuta nini humo

Utaulizwa, hasa kama ni mwanamke. Jibu ukiwa unajua historia yake kidogo. Wanawake ndio walioanza kuchora hadithi hizi. Miaka ya 1970 kulikuwa na wachoraji wa kike Wajapani waliozaliwa karibu na mwaka 1949, ambao kwa kalenda ya mfalme wao ulikuwa mwaka wa 24 wa Shōwa, ndiyo maana wakaitwa Kundi la Mwaka wa 24. Walichora wavulana wanaopendana, na wasomaji wao wengi walikuwa wasichana. Mwaka 1978 likatoka jarida la hadithi za namna hiyo, June. Wasomaji hao wakaja kubandikwa jina, fujoshi: neno la kawaida la kusema mwanamke, lakini herufi yake ya kwanza imebadilishwa iwe ya kuoza. Wengi walilichukua wakalivaa wenyewe. Mimi silitumii kwenye daftari letu. Kitabu cha Yoshinaga kwa upande wake hakikutoka kwenye jarida la wasichana. Morning ni jarida la wanaume watu wazima, kwa hiyo kimefika pia mikononi mwa wanaume.

Kingine cha kujua ni kwamba kule maoni ya msomaji yana kazi. Kwa miaka mingi majarida mengi ya manga yamekuwa yakiweka ndani kadi ya posta, msomaji akaijaza hadithi ipi imempendeza, akairudisha, na wahariri wanahesabu. Watu wanaandika pia barua kwa wachoraji kupitia ofisi za jarida, na wachoraji wanashukuru kwenye kurasa za mwisho za kitabu. Kwa hiyo unapoandika ulichohisi hujifanyi mtu fulani. Unafanya sehemu ya kazi iliyoachiwa msomaji.

Anayekataa, na anayenyoosha kidole

Hawa ni watu wawili tofauti, usiwachanganye.

Mama mmoja wa kwaya alisoma sura ya kwanza akanirudishia kitabu kwa mikono miwili. Akasema imani yake haimruhusu kuendelea, ila huyo Shiro anajua kununua. Nilimwomba ayaandike hayohayo. Akayaandika, mistari miwili, na tarehe, na bei. Hatukuandika kitu ukurasa wa kulia, tuliuacha mweupe kwa heshima. Bado ananiletea magauni ya kwaya nishone, na mara moja aliniuliza kama wale watu wa Japani wanaweka tangawizi kwenye samaki. Nikamwambia ndiyo. Maoni ya kukataa ni maoni ya msomaji, nafasi yake ipo.

Wa pili ni mteja aliyefungua daftari nikiwa nampima mtu, akaandika jina la kijana wa mtaa wa pili, akaweka alama ya kuuliza. Hapo sikubembeleza. Nilichukua mkasi wa kitambaa nikaukata ukurasa kwenye mshono, nikautia kwenye pasi ya mkaa nikafunga mdomo wa pasi. Nilimpa suruali yake siku hiyohiyo nikamwambia asirudi na kalamu.

Nasema wazi bila kuzunguka. Kwa wanaume wanaolala pamoja, Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, kifungu cha 154, ina kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30. Jina la mtu likiandikwa kwa mzaha kwenye karatasi linaweza kumtoa kazini, kwenye chumba alichopanga, kwenye meza ya mama yake. Kwa hiyo daftari ni la kitabu. Watu wanaotajwa humo ni wa kuchorwa, au ni wewe mwenyewe. Usimuulize mwenzako "na wewe je?" Usipige picha kurasa za wenzako ukazirusha kwenye simu. Mtu akiandika jambo lake zito, kama Mwalimu alivyoandika, msomeni kisha mnyamaze, na likizungumzwa liwe pale kibandani tu. Na ukiwa unaandika peke yako nyumba yenye watu wengi, andika hata kwenye karatasi ya kuchana. Mkono ukishaandika, umeshaandika.

Soma kwa sauti

Hili ni fupi. Jumapili jioni, wateja wameisha, kila mmoja anasoma ukurasa wake, mwenyewe, kwa sauti yake. Ukikwama kwenye sentensi yako, hiyo sentensi haikuwa yako, ifute. Hakuna kupiga makofi. Chai ipo, na aliyesoma wa mwisho anaosha vikombe.

Tukimaliza juzuu, tunafanya jambo moja zaidi kabla ya kufungua nyingine. Kila mtu anajibu jina la kitabu, mstari mmoja au miwili, ukurasa mmoja kwa wote. Jana ulikula nini? Mara ya mwisho mtoto wa kaka yangu aliandika: tambi, hosteli, kwa sufuria ya kuazima. Mwenye saluni: chipsi kavu saa kumi, nimesimama. Mimi niliandika makande, na nikamwandikia mume wangu kwa niaba, maana alikuwa Makambako: ugali na maharage, kapika mwenyewe kwenye jiko la lori.

Mwalimu alishika kalamu muda mrefu. Aliandika: "Kiburu cha watu wawili. Huwa nasahau." Akaacha mistari mitatu mitupu, kisha chini kabisa, kwa mwandiko wake wa ubaoni: nyanya, fungu 1,000.

Mistari ile mitatu hatujaijaza.